Panya Waliozaliwa Wagonjwa na Deni Lisilolipwa



Ndugu zangu wapendwa, tafakari ya wiki hii inatupeleka mahali ambapo mahubiri yetu hayafiki mara nyingi, nako ni ndani ya vizimba vya maabara. Tangu mwaka 1992 wapo panya wanaozaliwa wakiwa wamekwisha kuandaliwa kuugua ugonjwa wa mafuta katika damu. Hawakuambukizwa na mtu, wala hawakulishwa sumu. Mwanadamu ameizima jeni moja kati ya maelfu waliyo nayo, nao hurithishana upungufu huo kizazi hata kizazi, mishipa yao ikiziba taratibu hata wanapokula chakula kile kile wanachokula panya wengine.

Vijana wetu wanaosoma sayansi vyuoni wametuuliza kama Mkristo aweza kufanya kazi ya namna hiyo kwa dhamiri safi. Kabla hatujajibu, wengine wamekwisha kuwajibu. Wapo waliowaambia kwamba kugusa jeni ya kiumbe ni kumnyang'anya Mungu kazi yake, na kwamba maabara hizo ni karakana za shetani. Wapo pia waliocheka na kusema: panya ni panya, nani anamlilia panya? Majibu yote mawili ni ya watu wavivu wa kufikiri, nasi tutaeleza kwa nini. Lakini lipo jambo la tatu, ambalo kwetu ndilo zito zaidi, na ambalo hao wanaolaani na hao wanaocheka hawaligusi kabisa.

Kwanza tufahamu kinachofanyika, maana si haki kuhukumu usichokijua. Seli shina huchukuliwa kutoka kiinitete cha panya kilicho changa kabisa. Jeni inayolengwa hubadilishwa kwa kipande cha vinasaba kilichoharibiwa makusudi, kisha seli hizo huingizwa katika kiinitete kingine cha panya, nacho hupandikizwa tumboni mwa panya jike. Watoto wanaozaliwa huwa mchanganyiko, na kwa kuwazalisha kwa mpango hupatikana, baada ya vizazi vichache, panya asiye na jeni ile inayofanya kazi. Kwa kuivumbua njia hiyo, Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2007. Mwaka 1992 makundi mawili, moja la Jan Breslow mjini New York na jingine la Nobuyo Maeda katika Chuo Kikuu cha North Carolina, yalipata, kila moja kwa juhudi zake, panya wasio na protini iitwayo apolipoproteini E, ambayo hulisaidia ini kuondoa mabaki ya mafuta katika damu. Kolesteroli, ambayo kwa panya wa kawaida haifiki miligramu 100 katika kila desilita ya damu, kwa hawa ilipanda kupita 400. Mwaka uliofuata, mjini Dallas, walipatikana panya wasio na kile kipokezi ambacho kwacho ini huichota kolesteroli na kuitoa katika damu.

Kwa nini Dallas? Kwa sababu huko ndiko Michael Brown na Joseph Goldstein walikokigundua kipokezi hicho, kazi iliyowapatia Nobel mwaka 1985, na kazi yao ilianzia kwa watoto wagonjwa. Upo ugonjwa wa kurithi ambao humpata mtu kipokezi hicho kinapokuwa na kasoro. Aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja, na watu wa namna hiyo ni takriban mmoja katika kila watu 250, huweza kupata mshtuko wa moyo angali kijana au katika umri wa makamo, bila kuwa mnene, bila kuvuta sigara. Aliyerithi kwa baba na kwa mama pia, naye ni mmoja katika mamia ya maelfu, huota uvimbe wa manjano wa mafuta katika ngozi, na moyo wake huweza kushindwa akiwa bado mtoto. Mwezi Februari 1984, huko Pittsburgh, mtoto wa kike wa miaka 6 kutoka Texas alipandikizwa moyo na ini kwa mara moja. Alikuwa amekwisha kupata mishtuko ya moyo. Miaka sita, ndugu zangu! Kolesteroli yake ilikuwa imepita miligramu 1,000. Ini jipya liliishusha sana, akaishi, akaenda shule. Akafariki mwaka 1990 akiwa na miaka 13.

Basi yule anayesema kwamba panya wa Dallas ni kufuru, amtazame kwanza mtoto huyu, kisha arudie maneno yake. Panya wale walipolishwa chakula chenye kolesteroli nyingi waliota mafuta katika ngozi kama yule mtoto, na mishipa yao ikaziba kama yake. Na walipoingiziwa jeni nzima ya kipokezi kile, kolesteroli yao ilishuka. Hapo tabibu aliweza kuona mwanzo, katikati na mwisho wa ugonjwa huu bila kumweka mtoto wa mtu yeyote hatarini.

Wala Kanisa halikukaa kimya hata watu wajitungie mafundisho. Katekisimu, namba 2417, inayakubali majaribio ya kitabibu juu ya wanyama, kwa masharti ambayo tutayarudia hivi punde. Mtakatifu Yohane Paulo II, alipozungumza na wanasayansi wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi mwezi Oktoba 1982, aliwaeleza kwamba mnyama aweza kutumika katika majaribio, ila atendewe kama kiumbe cha Mungu na asidhulumiwe. Mwaka 2001 Taasisi ya Kipapa ya Maisha ilitoa hati juu ya kupandikiza viungo vya wanyama kwa binadamu, na humo haikukataza kubadili jeni za mnyama kwa ajili ya tiba, iliweka mipaka. Tangu kale watu wamemchanganya punda na farasi wakapata nyumbu, na Solomoni mwenyewe alipandishwa juu ya nyumbu wa Daudi baba yake siku ile alipopakwa mafuta awe mfalme. Hakuna nabii aliyepiga kelele. Wanaotumia hoja ya kiinitete nao wajihadhari: tunapotetea uhai wa kiinitete cha binadamu, tunatetea mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu, na anayekiweka kiinitete cha panya katika mizani ile ile anaishusha thamani ya mtoto aliye tumboni mwa mama yake, hata kama nia yake ni njema.

Hayo yatosha kwa upande huo. Wanaocheka ndio wanaotutia hofu zaidi, kwa kuwa kicheko chao kina elimu ndani yake.

Tuwape mfano mmoja. Ipo protini nyingine inayoitwa lipoproteini lipesi, ambayo kazi yake ni kuyavunja mafuta yaliyomo katika damu baada ya mlo. Binadamu asiye nayo, na hao ni mmoja au wawili katika kila watu milioni, damu yake huwa nyeupe kama maziwa, na kongosho lake hupatwa na uvimbe wenye maumivu makali unaoweza kumwua. Mwaka 1995 watafiti walieleza kuhusu panya waliozimwa jeni hiyo. Walizaliwa wakionekana wazima. Wakanyonya. Mafuta ya maziwa ya mama yakabaki katika damu, yakajaa, watoto wakapauka, kisha wakageuka rangi kwa kukosa hewa, na kabla ya siku moja kwisha walikuwa wamekufa. Maziwa ya mama ndiyo yaliyowaua. Mtu anayeweza kulisikia jambo hilo na kusema tu kwamba ni panya, tunamwomba asome tena kisa cha punda wa Balaamu katika kitabu cha Hesabu, mnyama ambaye Mungu alimfungua kinywa ili amwulize bwana wake alikuwa amemkosea nini hata akapigwa mara tatu. Asome mwisho wa kitabu cha Yona, ambako Mungu, akieleza kwa nini ameuhurumia mji wa Ninawi, anawataja pia wanyama wake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye hakuwa mtu wa machozi mepesi, alifundisha kwamba anayezoea ukatili kwa wanyama huuhamishia kwa wanadamu.

Tena kicheko hicho hakina hata faida ya kisayansi, kwa maana panya si binadamu mdogo. Akira Endo wa Japani, aliyegundua katika ukungu dawa ya kwanza ya jamii ya statini katika miaka ya 1970, aliijaribu kwa panya wakubwa wa maabara, na kolesteroli yao haikushuka. Angeishia hapo, mamilioni ya watu wangekosa dawa. Aligeukia kuku wanaotaga, na kwa kuku ikafanya kazi! Kwa upande wa pili, mwezi Desemba 2006 majaribio ya dawa iitwayo torsetrapibu, yaliyohusisha wagonjwa wapatao 15,000, yalisimamishwa kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wakifa zaidi ya wasiopewa; dawa hiyo ililenga protini ambayo panya kwa asili yao hawana kabisa. Mtafiti mwenye akili hujiuliza kila mara kama panya huyu kweli atamjibu swali lake, na kama hawezi kumjibu, humwacha aishi, au hamleti duniani kabisa.

Sasa tuje kwenye lile la tatu.

Katekisimu inapoyakubali majaribio haya inaweka sharti: yawe na kiasi, na yachangie kutunza au kuokoa maisha ya watu. Sharti hilo tumelisoma mara nyingi kwa haraka. Tumedhani linatimizwa pale mtafiti anapoandika katika ombi lake la fedha kwamba kazi yake huenda ikasaidia wagonjwa siku moja. La hasha. Maisha huokolewa kitandani pa mgonjwa, wala hayaokolewi katika ukurasa wa jarida. Mnyama ameletwa duniani ili augue, na sababu pekee inayotupa haki ya kufanya hivyo ni mgonjwa atakayepona. Dawa ikipatikana, kisha ikafungiwa mahali ambapo mgonjwa hafiki, tutamwambia nini Mwenye viumbe vyote akituuliza kwa nini tulifanya hivyo?

Dawa zimepatikana, tena kwa njia inayotuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa waliihusisha jeni iitwayo PCSK9 na kolesteroli nyingi za kurithi. Huko Dallas, Helen Hobbs na Jonathan Cohen waliuliza swali la kinyume: je, wapo watu ambao jeni hiyo imezimika kwa asili, wakawa na kolesteroli kidogo? Waliwapata, na walikuwa Wamarekani weusi, wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Kati yao, takriban wawili katika kila mia walikuwa na upungufu huo. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba hatari yao ya kupata ugonjwa wa moyo ilikuwa imepungua kwa asilimia 88. Maabara za mji huo huo zilikuwa zimekwisha kuwazima panya jeni hiyo, na mwaka 2005 zikaeleza kwamba panya hao walikuwa na takriban nusu tu ya kolesteroli ya wenzao. Kisha, mwaka 2007, zikachapishwa habari za mwanamke wa Zimbabwe mwenye umri wa miaka 21, ambaye alirithi upungufu huo kwa baba na kwa mama pia. Kolesteroli yake mbaya ilikuwa takriban miligramu 15, pale ambapo watu wengi wana 100 na zaidi. Alikuwa mzima wa afya, na mwenye kuzaa.

Yafaa tuelewe uzito wa jambo hilo. Panya alionyesha kwamba jeni ikizimwa kolesteroli hushuka. Mwili wa mwanamke wa Kiafrika ukaonyesha kwamba binadamu anaweza kuishi bila protini hiyo na asidhurike. Juu ya ushuhuda wa namna hiyo makampuni yalipata ujasiri wa kumimina fedha, na mwaka 2015 dawa mbili za sindano ziliidhinishwa Marekani na Ulaya. Bei ya Marekani ilizidi dola 14,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Makampuni yenyewe yakashtakiana kwa miaka mingi juu ya nani mwenye hataza ya kingamwili zinazoishika protini hiyo, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu mwezi Mei 2023. Kesi ndefu hiyo ilihusu mali, na upande wa Zimbabwe haukuwa na kiti.

Nabii Nathani alimwendea Daudi akamsimulia habari za tajiri mwenye makundi mengi ya mifugo, aliyemchukua mwanakondoo mmoja wa maskini amwandalie mgeni wake. Daudi alikasirika kabla hajajua kwamba anazungumziwa yeye. Tunalisoma somo hilo kanisani kwa sauti nzuri, kisha tunakaa chini.

Yule mtoto wa miaka 6 angefaidika na nini leo? Ipo dawa iitwayo evinakumabu, ambayo huishusha kolesteroli hata kwa mgonjwa asiye na kipokezi kabisa. Asili ya elimu yake ni panya wa Japani, ambao mwaka 2002 watafiti waligundua kwamba mafuta yao ya damu yalikuwa kidogo kwa sababu ya jeni moja iliyoharibika. Dawa yenyewe ilianzia katika panya waliopewa jeni za kingamwili za binadamu. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2021, na mwaka 2023 ikaruhusiwa kwa watoto kuanzia miaka 5. Gharama iliyotangazwa ilikuwa wastani wa dola 450,000 kwa mwaka. Na wale wenye damu nyeupe kama maziwa? Panya wasio na protini ile walitibiwa kwa jeni iliyobebwa na virusi visivyo na madhara, na mwaka 2012 Ulaya ikaidhinisha tiba ya namna hiyo kwa binadamu, ya kwanza ya aina yake katika nchi za Magharibi. Ufanisi wake ulibishaniwa, tunakiri hivyo. Bei yake ilikuwa kama euro milioni moja. Nje ya majaribio, mgonjwa mmoja tu huko Ujerumani ndiye aliyeipata kwa kulipiwa, na mwaka 2017 kampuni ikaacha idhini iishe muda wake, kwa kuwa wanunuzi hawakuwapo.

Tutajibiwa kwamba utafiti ni ghali, na asiyepata faida hatafuti dawa. Hoja hiyo ina ukweli wake, nasi si watoto. Lakini kazi iliyofungua mlango huko Dallas ililipiwa kwa sehemu kubwa na kodi za wananchi wa Marekani. Tena, mwaka 2018, kampuni mojawapo kati ya yale yale iliishusha bei ya dola 14,000 hadi chini ya 6,000, na haikufilisika. Bei iliyoweza kushuka zaidi ya nusu katika muda wa miaka mitatu haikuwa amri ya maumbile. Ilikuwa uamuzi wa watu waliokaa mezani, na uamuzi wa watu una hukumu ya kimaadili kama tendo lingine lolote. Hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliikumbusha dunia mafundisho ya Katekisimu juu ya wanyama, na katika waraka huo huo alikataa kukitenga kilio cha dunia na kilio cha maskini. Anayetenganisha mateso ya panya na mateso ya mgonjwa asiye na fedha hajauelewa waraka.

Hata hivyo tusiwapigie wageni kelele huku nyumbani kwetu mnafuka moshi. Statini, dawa ile ya Endo, leo hutengenezwa na viwanda vingi na ni nafuu; mojawapo iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2007. Kwa aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja inasaidia sana. Lakini atapewa na nani, ikiwa hakuna aliyempima? Katika zahanati nyingi za vijijini kipimo cha kolesteroli hakipo, na kilipo huonekana kuwa cha matajiri wanene. Nasi mapadre tunaitwa kuzika. Tumemzika baba wa miaka 41 aliyeanguka shambani, kisha mdogo wake, kisha mtoto wake wa kiume, na kila mara, kabla udongo haujakauka, jina la mtu limekwisha kutajwa. Shangazi. Mke mdogo. Jirani mwenye macho mekundu. Koo zimegawanyika na wajane wamefukuzwa kwa jambo ambalo lingeweza kuelezwa na jeni moja iliyorithiwa, na waganga wamejenga nyumba za bati jipya kwa fedha za wafiwa. Hatusemi kila kifo cha ghafla ni cha ugonjwa huu. Tunasema kwamba aliyemtaja shangazi hakupima chochote.

Kwa hiyo vijana wetu walioko vyuoni, tunawajibu: nendeni mkafanye kazi hiyo, mkiwahurumia wanyama walio mikononi mwenu, na siku mtakapoketi katika kamati zinazotoa fedha au kibali, ulizeni kwa sauti dawa itauzwa kwa bei gani na kwa nani, kabla panya wa kwanza hajazalishwa. Maaskofu na wakuu wa hospitali zetu za Kanisa tunawaomba wadai, kwa pamoja na kwa maandishi, kipimo cha kolesteroli katika kila kituo chenye maabara, na bei ya haki kwa dawa hizi mpya katika nchi zetu.

Na jumuiya ndogo ndogo za parokia hii, katika mkutano wa wiki ijayo, kila familia iandike majina ya ndugu wa damu waliofariki ghafla kabla ya miaka 50, umri wao, na uhusiano wao. Yasiandikwe majina ya watuhumiwa. Karatasi ziletwe kwa muuguzi wa zahanati ya parokia baada ya Misa ya pili. Familia zenye majina mawili au zaidi zitapangiwa siku ya kwenda kupimwa mjini, na nauli itatoka katika mfuko wa Karitasi.